Safari ya Kulisoma Jiwe la Rusengo

Nianze kwa kukiri jambo ambalo nimelikana kwa miaka mingi, tena mbele ya watu wenye heshima zao: sijawahi kugusa jiwe la Kirumi. Nimeyafundisha mawe hayo. Nimeandika tasnifu nzima juu ya maandishi ya Kilatini yaliyovunjika vunjika katika miji midogo ya majimbo ya dola ya Roma, na nimewakata wanafunzi alama kwa kukosea herufi moja. Yote hayo kwa picha. Mtu akiniuliza niliyaona wapi, nilikuwa najibu, "Kaskazini mwa Afrika," jibu ambalo ni kweli kwa mawe yenyewe na si kweli kwangu.

Kwa hiyo mnaponiuliza ilikuwaje mtu mzima akaondoka Morogoro kwenda Ngara kwa ajili ya kipande cha jiwe, jibu ni kwamba nilipata nafasi ya kugusa jiwe langu la kwanza, na halikuwa la Kirumi. Lilikuwa la misheni. Padre Deusi, ambaye zamani nilimfundisha historia, alinipigia simu kutoka parokia yake upande wa Keza, wilayani Ngara. Wanapanua kanisa, na msingi mpya utapita kwenye makaburi ya zamani. Makaburi yenye ndugu wanaojulikana yatakabidhiwa kwa ndugu. Yasiyo na wenyewe yatahamishiwa kwenye kaburi moja la pamoja. Liko moja lenye jiwe la Kilatini lililovunjika, na linadaiwa na familia mbili. Mmoja wa wadai ni bibi anayetaka kumchukua baba yake akamzike nyumbani kando ya mama yake, kabla mafundi hawajaanza kuchimba.

"Wewe si ndiye bingwa wa vipande, Mwalimu?" alisema Padre. Ningefanyaje?

Morogoro hadi Biharamulo, kwa makosa

Mwenye kwenda Ngara hafiki Biharamulo mjini. Anashuka Lusahunga, njia panda, anapanda gari jingine kuelekea magharibi. Nilijua hivyo. Nilikuwa nimeambiwa na kondakta, na Padre, na mtu aliyeniuzia maji Kahama.

Tatizo lilikuwa Bi Zuhura. Alikuwa amekaa kando yangu toka Nzega, mfanyabiashara wa vitenge, mzaliwa wa Biharamulo kwa babu aliyekuja na biashara kutoka pwani na hakurudi tena. Aliniuliza ninakwenda kufanya nini Ngara. Nikasema ninakwenda kusoma kaburi.

"Mashaallah. Unamsomea nani?"

"Sijui bado. Ndicho ninachokwenda kutafuta."

Alinitazama kwa huruma. "Dada, mtu anamsomea marehemu anayemjua."

"Ni kwa Kilatini," nikasema, nikidhani ninafafanua.

"Na huyo maiti anakijua?"

Ilibidi nieleze, na mimi nikianza kueleza huwa sisimami. Nilimwambia achukue mji mdogo wa jimboni, mbali na Roma. Watu nyumbani wana lugha yao. Kilatini ni cha ofisi, jeshi na soko.

"Kama Kiswahili kwa Wasubi, wenyeji wetu," akasema.

Nikasema ndivyo hasa. Sasa mji huo umekufa, zimebaki kuta na vipande vya mawe. Kipande kimoja kina robo ya sentensi, lakini unatambua kwamba bwana fulani alijenga bafu la umma kwa mfuko wake na akataka kila anayeoga ajue.

"Majivuno."

"Bila majivuno tusingekuwa na historia, Bi Zuhura."

Akauliza, na pale palipovunjika unajazaje? Nikamwambia maandishi hayo yana desturi zake, kama kadi za harusi. Ukiokota kipande cha kadi kilichoandikwa "Familia ya Bwana na Bibi", unajua kinachofuata ni majina, kisha "inayo furaha", kisha mchango. Akacheka mpaka akajifunika uso kwa mtandio. Nikanogewa. Nikamweleza namna majina peke yake yanavyoonyesha nani ni nani mjini: raia kamili wa Roma ana majina kadhaa, na mojawapo ni la ukoo, linalorithiwa na watoto. Mwenyeji asiye raia ana jina lake moja tu, kisha anamtaja baba yake, basi. Kaburi lenye nusu ya jina linaweza kukuambia kama marehemu alikuwa mtu wa dola au mtu wa pale pale.

Nilipotazama nje, Lusahunga ilikuwa nyuma yetu kitambo.

"Lo! Na mimi nilikuona hushuki," alisema Bi Zuhura, "nikasema labda wasomi wana njia yao."

Nililala kwake. Alinipikia wali na maharage ya nazi, nazi aliyotumiwa na mdogo wake kutoka Tanga na aliyoiweka kwa sababu maalumu. Sababu maalumu, kumbe, ni mgeni aliyepitiliza kituo. Asubuhi alinisindikiza stendi, akamshika dereva mkono na kumwambia kwa sauti ambayo kila abiria aliisikia: "Huyu mama ni profesa. Mshushe Ngara. Usimwulize chochote njiani, ataanza kusema."

Biharamulo hadi Ngara

Safari hiyo ingekuwa fupi kama lori moja lililokuwa likielekea Rwanda lisingelala kwa ubavu kwenye mpando. Dereva wake alikuwa mzima, amekaa juu ya tairi la akiba anakula muwa. Magari yalijipanga nyuma yetu na mbele yetu, na baada ya muda barabara ikawa soko. Sijui wale akina mama walitoka wapi, maana niliona msitu tu, lakini walikuja na ndizi za kuchoma, karanga, na mayai ya kuchemsha yenye chumvi kwenye kikaratasi.

Nilikula yai na kujinong'onea majina ya ubatizo ya Kilatini, kujiandaa. Mama mmoja aliyekuwa jirani yangu aliuliza kama ninasali. Nikasema hapana. Akasema nisali basi, lori lile halitoki bila maombi. Lilitoka kwa minyororo na matusi, lakini nakiri nilikuwa nimeanza kusali.

Ngara nilifika jua likiwa chini, na milima ile ya kijani ikinitazama kama mtu aliyekwisha kuona wageni wengi. Padre Deusi alikuwa amenitumia mwendesha bodaboda, mzee wa makamo mwenye kitambi kilichoniachia nafasi ndogo ya kukaa. Tulikwenda Keza polepole. Kila tulipopita watu aliwasalimu kwa Kihangaza, nao wakauliza jambo, naye akajibu, nao wakacheka. Mara ya tatu nikauliza wanasema nini.

"Wanauliza nimeoa lini."

Jiwe

Kati yangu na Padre Deusi pana tatizo la salamu. Zamani yeye ndiye aliyenipa shikamoo. Sasa ni padre, mimi ni muumini mvivu. Tulisimama tukitazamana mlangoni pa nyumba ya mapadre mpaka akaniokoa: "Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," nikasema, na shikamoo ikabaki haina mwenyewe.

Asubuhi alinipeleka makaburini. Jiwe lilikuwa limevunjika mshazari, na kilichobaki ni kipande cha chini upande wa kulia, kimeota ukungu wa kijivu. Pembeni, juu ya khanga aliyoitandika, alikaa Mama Daforoza, yule bibi anayemdai baba yake. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama mikono. Nadhani alitegemea ningekuja na mashine.

Nilikuwa na brashi ya nguo na ndoo ya maji. Nilipiga magoti na kusugua, na siwezi kuwaeleza nilivyojisikia kidole changu kilipoingia kwenye mfereji wa herufi ya kwanza. Nilitamani wanafunzi wangu wote wasiwepo na wote wawepo. Mchongaji alikuwa na mkono mzuri. Ziliibuka herufi hizi: mstari wa kwanza, A moja tu mwishoni. Wa pili, IVS RVSENGO, V ikisimama mahali pa U kama walivyoandika Warumi wenyewe. Wa tatu, HISTA.

Wa tatu ulikuwa rahisi: *catechista*. Marehemu alikuwa katekista, mwalimu wa dini. Padre akasema hilo halitofautishi, marehemu wa pande zote mbili walikuwa makatekista.

Wa pili ndio ulionifurahisha. Mawe ya majimboni yamejaa majina yanayoishia na *-ius*, yakifuatiwa na jina la mwenyeji. Unaona kabisa mji unavyobadilika: jina la mbele la kigeni, la nyuma la nyumbani. Na hapa ni vilevile, jina la ubatizo, kisha Rusengo.

"Anayedai mwingine anaitwa nani?" nikauliza.

"Mzee Anselmi Rusengo wa Murukulazo. Babu yake alikuwa Gregori Rusengo."

*Gregorius Rusengo*. Iliingia kwenye nafasi kama ufunguo. Na ile A ya juu? Mwisho wa *in pia memoria*, kwa kumbukumbu njema. Nilijaza jiwe zima kwa kalamu ya risasi kwenye karatasi, nikampa Padre, na nilikuwa na furaha mbaya ya mtu aliyepatia.

Padre aliinama kwa Mama Daforoza. "Mama, baba yako alikuwa Stefano Ntirampeba, si ndiyo?"

"Ndiyo huyo."

"Mwalimu amesoma. Jina lake halimo."

Alikunja khanga yake taratibu, kona kwa kona. Alikuwa mtoto wa mgongoni baba yake alipofariki. Mama yake alimbeba hadi kwa ndugu ng'ambo, Burundi, na waliporudi yeye alikwisha kuwa mtu mzima na waliokuwepo mazikoni hawakuwepo tena. Mama yake alimwambia tu: baba yako yuko misheni, amewekewa jiwe la kizungu.

Aliposimama alinigeukia. "Umetoka mbali. Njoo ule kwangu."

Nyumbani kwa Mama Daforoza

Kwenda kula kwa mtu uliyetoka kumnyima baba yake si jambo jepesi. Nilijaribu kusingizia uchovu. Alisema chakula ni dawa ya uchovu.

Ilikuwa ugali wa muhogo, maharage, na kisamvu ambacho huko hukiita isombe, kimepikwa na mawese mpaka kinang'aa. Wajukuu walikuwa wengi, wamekaa kwenye mkeka wakinitazama ninavyomega. Ili niache kutazamwa nikaanza kuwauliza majina, kama mwalimu yeyote asiye na la kusema.

"Mimi Irakoze."

"Mimi Nduwayo."

"Mimi Bizimana."

"Mnatoka nyumba tofauti?"

Wakacheka. Mkwe wa Mama Daforoza, aliyekuwa akimimina maji ya kunawa, akasema, "Wote hao ni wangu, Mwalimu. Baba mmoja."

"Na jina la baba yao, la ukoo?"

"La baba yao analo baba yao," alisema Mama Daforoza. "Ukimpa mtoto jina la baba, baba ataitwa nani?"

"Shuleni wanatusumbua," mkwe akaongeza. "Wanataka jina la mwisho. Wengine wakachukua la babu, likawa la ukoo mpaka leo. Sisi tulikataa."

"Sasa mtu akitaka kujua Bizimana yupi?"

"Anaambiwa. Huyu ni mwene fulani. Mwana wa fulani." Mama Daforoza alijigusa kifuani. "Mimi mwene Ntirampeba. Ntirampeba, mwene Rusengo."

Tonge langu lilibaki njiani.

"Mwene nani?"

"Rusengo. Babu yangu." Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, "Kwani pale limeandikwa jina gani? Hamkuniambia."

Hatukumwambia. Wasomi wawili, padre mzima na mwalimu wake, tulimwambia mtu ambaye hakusoma kile kisichokuwemo, tukanyamaza juu ya kilichokuwemo.

Na kosa la pili lilikuwa langu peke yangu. *Filius* kwa Kilatini ni mwana. Warumi kwenye mawe yao karibu kila mara huandika F tu, hawapotezi nafasi, kwa hiyo macho yangu yalizoea F na hayakuitafuta ile *filius* nzima. Lakini mmisionari aliyechonga hakuwa na haraka. Ile IVS inaweza kuwa mwisho wake: *Filius Rusengo*. Mwana wa Rusengo. Na A ya juu ni mwisho wa Ntirampeba. Nilikuwa nimemvalisha marehemu majina ya raia wa Roma, na huenda alikuwa yule mwenyeji niliyemweleza Bi Zuhura kwenye basi: jina lake moja, kisha la baba yake, basi.

Niliwaeleza. Irakoze, mkubwa wao, akauliza, "Kwa hiyo ni yeye?"

Hapo ndipo nilipolazimika kuwa mkweli. "Anaweza kuwa yeye. Na anaweza kuwa yule wa Murukulazo. Yote mawili yanaingia."

Mama Daforoza aliniongezea isombe. "Asubuhi alikuwa hawezi kuwa," alisema. "Sasa anaweza. Kula."

Murukulazo

Padre alisema jiwe likibaki na majibu mawili hatampa yeyote, kwa haki. Marehemu ataingia kaburi la pamoja. Nikasema nitakwenda kwa Mzee Anselmi. Akasema, "Atakukaribisha vizuri. Hapo ndipo pagumu."

Ilikuwa hivyo. Mzee Anselmi, mkulima wa kahawa na migomba, mrefu, amevaa koti kwenye jua, aliniletea kiti, pombe ya ndizi na mrija wa kuinywea, akaniuliza habari za Morogoro mkoa mzima kabla hajaniruhusu kusema lililonileta. Kisha akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwarimu," alisema, kwa ile r ya kwao, "umesoma pale ukasema Gregori. Padre alinipigia simu jana asubuhi. Jioni umekula kwa yule mama, ukasema Stefano. Leo umekunywa kwangu. Utasema nani?"

Wanawe waliokuwa wakianika kahawa walicheka kwa sauti. Mimi pia, kwa sababu lilikuwa swali zuri.

"Nitasema sijui, mzee. Jiwe limefika mwisho wake. Imebaki mtu. Hakuna aliye hai anayekumbuka babu yako alizikwa vipi?"

Kicheko kiliisha. Alichezea kifungo cha koti.

"Kuna shangazi. Yuko Nyakisasa. Hapendi kuulizwa."

"Kwa nini?"

"Hatujawahi kuuliza kwa nini hapendi." Akanywa. "Sisi tumekuzwa tukijua babu ni wa misheni. Kwenye harusi, kwenye misiba, tunatambulishwa hivyo: wajukuu wa katekista. Kaburi lile ndilo tunaloonyesha watoto. Unataka nikamwulize mzee wa watu kama ni uongo?"

"Yule mama naye hana la kuonyesha watoto."

Aliita mwanawe anikatie mkungu wa ndizi, mkubwa kuliko nilivyoweza kuubeba, na aliponisindikiza barabarani alisema tu kwamba wiki ile angepita Nyakisasa kumpelekea shangazi chumvi na sabuni, kama anavyofanya siku zote. Sikujua kama hiyo ni ahadi au ni habari.

Kurudi, na simu

Nilirudi bila jibu. Nilishuka Lusahunga safari hii kwa sababu ya kubadili basi, nikiwa macho makavu kama mlinzi, na ule mkungu wa ndizi nikaugawa njiani vichana vichana kwa kila aliyenisaidia kuubeba, mpaka Morogoro nikafika na vitatu. Nilimwandikia Padre nikamwomba asubiri kidogo. Akajibu kwamba mafundi wamekwisha kuleta mawe ya msingi.

Simu ilikuja nikiwa jikoni, ninamenya ndizi za mwisho. Namba ngeni.

"Mwarimu? Anselmi, wa Murukulazo."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umefika salama? Nyumbani wazima? Mvua je?"

Nilijibu yote. Aliuliza na ndizi zilikuwaje. Nikasema tamu.

"Shangazi amesema," akasema.

Niliweka kisu chini.

"Babu yetu hakulala misheni. Alioa mke wa pili. Mapadre wa wakati ule wakamvua ukatekista, na alipokufa wakamkatalia makaburi. Alizikwa Nyakisasa, kwenye migomba ya yule mke mdogo. Shangazi ni binti wa huyo mke mdogo, mwarimu. Ndiyo sababu hakupenda kuulizwa. Sisi tulikuwa tunajisifu kwa kaburi ambalo mama yake hakuruhusiwa hata kulikaribia."

"Pole, mzee."

"Pole ya nini? Nimegombania baba wa mtu, na babu yangu shangazi anampalilia kila mwaka. Nimetoka kwa Padre sasa hivi, na shangazi. Yule mama nimemkuta hapo. Nimemwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu. Jumamosi tunamtoa Stefano wake, wanangu watasaidia kubeba. Na jiwe anaondoka nalo."

"Alisemaje?"

"Alisema nisiondoke kabla ya kula." Nilimsikia akicheka pembeni ya simu. "Sasa, mwarimu. Huyu wetu hana jiwe. Tunataka kumwekea. Utatuandikia?"

"Kwa Kilatini?"

"Asome nani? Andika Kiswahili. Jina lake mwenyewe, na la baba yake. Na wake zake wote wawili. Wa kwanza aanze." Akashusha sauti. "Lakini herufi za wote wawili zilingane ukubwa. Shangazi amekaa hapa, anasikiliza."